Madhabahu Si Dobi

Kila harambee ya kanisa hapa Afrika Mashariki ina dakika moja isiyobadilika. Kwaya imeshaimba mara mbili. Mgeni rasmi amekalia sofa lenye vitambaa vya kufuma, sofa lililobebwa alfajiri kutoka sebuleni kwa mzee wa kanisa, na nyuma yake waumini wamebanana kwenye mabenchi. Mgeni anainuka, anakiri kwamba naye ni mwenye dhambi kama wengine, watu wanacheka, kisha msaidizi wake anasogea mbele na bahasha ya kaki iliyovimba. Kiasi kinatangazwa. Vigelegele vinagonga mabati. Mchungaji anaweka mkono juu ya bahasha na kumwomba Mungu chanzo cha fedha hizo kisikauke.

Anakiombea chanzo asichokijua, na hakuna mle ndani anayetaka akijue.

Atakayethubutu kuuliza baada ya ibada atajibiwa haraka, na jibu ni lile lile kutoka Kariakoo hadi Kakamega. Halifai kubezwa kabla ya kusikilizwa, kwa kuwa lina watetezi werevu. Linasema hivi: fedha haina dhambi, mwenye dhambi ni mtu. Moyo wa mtoaji anaujua Mungu peke yake, na kanisa likianza kupekua mifuko litakuwa limejipa kiti kisicho chake. Yesu mwenyewe alikula mezani kwa watoza ushuru. Hata kama mtu ameiba, ni heri sehemu ya alichoiba ipitie kanisani, ilishe yatima na kuezeka zahanati, kuliko yote iishie baa. Zaidi ya hapo, anayetoa amepanda mbegu, awe nani, na Mungu atamvunisha. Kanisa likikataa, la jirani litapokea.

Wanaoshikilia maoni hayo wengi wao si matapeli. Ni waweka hazina wa parokia wenye bili ya umeme mkononi, ni akina mama waliochoka kuona mvua ikiwanyeshea watoto wa shule ya Jumapili. Ndiyo maana maoni yenyewe yameenea hivi, na ndiyo maana inabidi yafumuliwe uzi mmoja mmoja.

1. Kwamba fedha ikifika madhabahuni imetakata

Kiswahili kilishawasuta wahubiri hapa kabla ya mtu yeyote. Shina moja, takata, limezaa utakaso wa kanisani, limezaa mtakatifu, na limezaa pia utakatishaji, ule unaosomwa kwenye hati za mashtaka pale Mahakama ya Kisutu. Lugha imeona undugu ambao mimbari inaukana.

Tanzania ilitunga sheria dhidi ya utakatishaji huo wa fedha mwaka 2006, na siku hizi anayepeleka kiasi kikubwa benki huulizwa kimetoka wapi. Karani wa dirishani hamhukumu mteja. Haujui moyo wake wala hana mpango wa kumtupa motoni. Anauliza, anaandika, anagonga muhuri. Mteja yule yule akivuka barabara na kuingia kanisani na kiasi kile kile, anapelekwa sofani. Taasisi iliyoanzishwa ili kutafuta faida inadai maelezo ambayo nyumba ya Mungu inaona ni utovu wa adabu kuyaomba.

Wala hili si jambo ambalo Maandiko yamelinyamazia. Kumbukumbu la Torati inazuia ujira wa ukahaba usiletwe nyumbani kwa Mungu kulipia nadhiri. Amosi na Isaya wanamweleza Mungu aliyezichoka sadaka za watu wanaowakandamiza maskini. Mfano mkali kuliko yote, hata hivyo, umo katika Mathayo 27, na wenye kanuni humo ni watu ambao Injili haina neno jema juu yao. Yuda anawarudishia makuhani wakuu vile vipande 30 vya fedha. Wanakataa kuvitia katika hazina ya hekalu, kwa hoja kwamba ni bei ya damu. Chanzo walikijua vizuri, maana walioilipa ni wao. Wakanunua shamba la mfinyanzi la kuzikia wageni. Kwa maneno mengine, wazee waliopanga kifo cha Yesu walikuwa na sera ya fedha iliyo kali kuliko ya kamati nyingi za ujenzi za leo.

Atakayesema hayo ni mambo ya Torati na ya Wayahudi ana kazi ya kueleza walichofanya Wakristo wa kwanza. Karibu mwaka 140, tajiri mwenye meli aitwaye Marcion, kutoka Sinope kwenye Bahari Nyeusi, alifika Roma na kulikabidhi kanisa la huko sestasi 200,000. Mwaka 144 walimfukuza kwa mafundisho yake, wakamrudishia fedha zake. Habari hiyo imeandikwa na Tertullian, mwandishi wa kanisa la kale. Marcion hakushtakiwa wizi wowote, kosa lake lilikuwa la imani tu. Na kanisa lililomrudishia halikuwa na akiba ya kuchezea: lilikuwa genge la watu waliotazamwa kwa jicho baya na dola, lenye wajane wa kulisha kila siku.

2. Kwamba kuuliza ni kuhukumu

Waraka wa Yakobo, sura ya pili, unamchora mtu anayeingia kwenye kusanyiko na pete ya dhahabu kidoleni, anaonyeshwa mahali pazuri pa kukaa, huku maskini akiambiwa asimame kule au akae chini. Yakobo anaita hicho kitendo hukumu, tena hukumu mbovu. Kwa hiyo kanisa linalosema halihukumu lilishahukumu alfajiri, sofa lilipobebwa. Lilichokataa ni kuuliza tu.

Kenya imetoa mafunzo ya wazi kuhusu jambo hili. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana kutikisa nchi, Rais William Ruto alitangaza kwamba maofisa wa serikali watapigwa marufuku kushiriki harambee. Novemba 14 mwaka huo maaskofu wa Kanisa Katoliki walitoa tamko wakilalamikia utamaduni wa uongo serikalini. Siku tatu baadaye, Novemba 17, rais yuko kanisani Soweto, Kahawa West, Nairobi, akitoa shilingi 600,000 kwa kwaya na watoto, na milioni 2 kwa nyumba ya mapadri, huku akiahidi milioni 3 nyingine na basi la parokia. Aliyepiga marufuku alikuwa mtoaji, na walioshutumu uongo walikuwa wapokeaji. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza fedha zirudishwe.

Agizo hilo lilitikisa magazeti. Kanisa lenye historia ya miaka elfu mbili ya kufundisha juu ya mali ya dhuluma linakataa mchango mmoja wa kisiasa, na nchi nzima inashtuka kama imeona samaki akipanda mnazi. Mshtuko huo unasema mengi juu ya Jumapili zote zilizotangulia.

Miezi haikupita mingi. Machi 2, 2025, rais alitangaza mchango wa shilingi milioni 20 kwa kanisa la Jesus Winner Ministry huko Roysambu. Jumapili iliyofuata vijana waliandamana kuelekea kanisani, na polisi wakawarushia vitoa machozi. Milioni 20 zilizidi mshahara wa rais wa mwaka mzima kabla ya kodi, kwa viwango vinavyojulikana vya Tume ya Mishahara na Marupurupu. Rais ana biashara zake, na yawezekana kila shilingi ingetoka huko. Hilo lingekuwa jibu halali kabisa. Ila jibu hufuata swali, na swali liliulizwa na watoto wa watu waliokuwa barabarani wakikohoa moshi.

Tanzania haina haja ya kucheka. Novemba 2014, ripoti ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali kuhusu akaunti ya Tegeta Escrow iliwataja maaskofu wawili na padri mmoja miongoni mwa waliopokea mamilioni kutoka kwa mfanyabiashara aliyenufaika na malipo ya akaunti ile. Viongozi hao hawakushtakiwa, na mfanyabiashara mwenyewe, aliyeshtakiwa baadaye, alifutiwa kesi mwaka 2021. Tuache basi hatia, maana mahakama haikuitamka. Kinachobaki ni kimya: mamilioni yanaingia kwenye akaunti ya mchungaji wa roho za watu, na hakuna dalili kwamba kuna mtu aliyeinua simu kuuliza ni ya nini. Benki yalikopitia, iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki, inaitwa Mkombozi.

3. Kwamba hata Zakayo alipokelewa

Huu ndio mhimili wa hoja nzima, na ndio ulioliwa na mchwa zaidi.

Kila mgeni rasmi mwenye doa huvishwa Zakayo kama koti la mvua. Ikiwa Yesu hakumbagua mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, kanisa ni nani hata limbague mheshimiwa? Wakenya wamelipa jina hilo uzito mpya: walimbandika rais wao kwa ajili ya kodi, na katika maandamano ya Juni 2024 walimtaka Zakayo ashuke mtini. Lakini katika Luka 19 kushuka mkuyuni ni mwanzo tu. Kinachofuata ndicho kisichohubiriwa siku ya harambee. Zakayo anasimama mbele ya watu na kutaja hesabu: nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyemdhulumu kurudishiwa mara nne. Hataji sinagogi. Hataji mfuko wa ujenzi. Yesu, aliyekuwa mgeni wake siku hiyo, anaondoka bila hata senti. Amepata ukarimu wa nyumba, basi. Na tangazo la wokovu linakuja baada ya hesabu kutajwa.

Sasa rudi kwenye bahasha ya kaki. Aliyeibiwa hatajwi popote. Kama fedha ile ilikuwa ya barabara ya kijijini isiyojengwa, wanakijiji hawamo kwenye orodha ya kurudishiwa; yamkini wamo kwenye mabenchi ya nyuma, wakimpigia vigelegele mtu aliyewaletea chembe ya mali yao wenyewe. Kati ya kumi zilizochukuliwa imerudi moja, imerudi mahali pasipo pake, na aliyezichukua ameombewa aongezewe.

Mafundisho ya kale hayakuwa na kigugumizi katika hili. Mwanzoni mwa karne ya tano Agostino wa Hippo alimwandikia ofisa wa dola, Macedonius, kwamba mtu anayeweza kurudisha alichokwapua na asirudishe, toba yake ni maigizo. Thomas wa Akwino alitenga swali zima katika kitabu chake kikuu kuhusu wajibu wa kurudisha. Lakini anayeonyesha jambo hili kwa mwili na damu ni padri wa Kihispania, Bartolomé de las Casas.

Mwaka 1514 Las Casas alikuwa Cuba, padri mwenye ardhi na wenyeji waliogawiwa kwake wamfanyie kazi. Alikuwa mpole kwa viwango vya wenzake, na hakuona tatizo. Akiandaa mahubiri ya Pentekoste alifungua kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 34, pale mwandishi anapomfananisha mtu anayetoa dhabihu kwa mali ya maskini na mtu anayemchinja mwana mbele ya baba yake. Padri akatazama mkate na divai yake, na shamba lililovilipia. Hakukaa na kamati kujadili atenge asilimia ngapi. Aliwaachia watu wale, na Agosti 15 mwaka huo akapanda mimbarini kuwaeleza Wahispania wenzake kwa nini. Miaka ya 1540, akiwa askofu wa Chiapas huko Meksiko, aliwaagiza waungamishi wasimwondolee dhambi mshindi yeyote wa vita kabla hajatia saini hati ya kurudisha alichopora. Walowezi walimchukia hadi akaondoka. Na si kwamba mtu huyu alikuwa malaika: awali alipendekeza watumwa Waafrika waletwe badala ya wenyeji, kosa alilolijutia baadaye kwa maandishi. Hata aliyeamka alikuwa na jicho moja bado limefumba.

Kinachomhusu mgeni rasmi wa Jumapili hii ni ile hati ya saini. Las Casas alijua kwamba muungamishi anayempa mporaji ondoleo la bure hamfanyii hisani, anamfungia mlango. Mwizi aliyezuiwa langoni bado ana nafasi ya kujiuliza kwa nini amezuiwa. Aliyeketishwa sofani, akaombewa, akapigwa picha na watoto wa kipaimara, atajiuliza kwa sababu gani? Ameshapewa risiti. Waliotakiwa kumwambia habari za roho yake ndio walioigonga muhuri.

4. Kwamba maskini watanufaika

Hoja hii huletwa na yatima mkononi, ili anayeipinga aonekane hana utu. Ijibiwe basi na watu walioishi na yatima.

Katika karne ya tatu, huko Shamu, uliandikwa mwongozo wa kanisa unaojulikana kama Didascalia. Unawataja kwa makundi watu ambao askofu hapaswi kupokea mali yao: wanaowafunga watu kwa dhuluma, wanaowatesa watumwa, wenye mizani ya uongo, wala riba, maofisa wa dola waliomwaga damu ya wasio na hatia. Kisha unaigusa hoja yenyewe ya yatima na wajane. Wajane wakilishwa kwa mali hiyo, unasema, maombi yao hayatasikilizwa. Na kama kanisa ni fukara kiasi hicho, ni afadhali lifariki kwa njaa kuliko kupokea kwa waovu. Walioandika hayo hawakuwa wanazuoni wa kiyoyozi. Walikuwa na daftari la wajane, na kila juma walilazimika kulijibu.

Kuna jambo jingine, la kawaida zaidi. Atazame mtu ubao wa matangazo wa kanisa lake kwa mwaka mzima. Ataona uzio, kinanda, spika, vigae, basi, nyumba ya mchungaji. Michango ya Kahawa West ilikuwa ya kwaya, watoto, nyumba ya mapadri na basi. Maskini wa harambee wanaonekana zaidi kwenye hotuba kuliko kwenye bajeti, na wakionekana kwenye hesabu, mara nyingi ni upande wa wanaotoa. Yule mjane wa senti mbili katika Luka 21 ametumika kukamulia michango kwa karne nyingi, na karibu kila mara anasomwa peke yake. Aya zinazomtangulia zinawalaani viongozi wa dini wanaokula nyumba za wajane. Aya zinazomfuata zinatabiri kwamba hekalu lile, lililokuwa likipokea senti zake, halitabakiwa na jiwe juu ya jiwe. Mhubiri anayemtoa mjane katikati ya aya hizo na kumpeleka kwenye kikapu ana mkono mwepesi sana.

Na kanisa, lijulikane hilo, si mpokeaji mnyonge anayeletewa tu. Mwaka 1905 nchini Marekani mchungaji Washington Gladden aliwasha moto kwa kupinga dola 100,000 ambazo John D. Rockefeller wa kampuni ya mafuta ya Standard Oil alizitoa kwa bodi ya wamisionari ya Wakongrigeshonali. Gladden alisema fedha hizo zilipatikana kwa njia chafu, na watetezi wa bodi wakajibu kwamba hawawezi kumrudisha mtoaji aliyekuja kwa hiari yake. Kisha ukweli ukajulikana: Rockefeller hakuja. Aliombwa, tena kwa muda mrefu, na bodi yenyewe. Bodi iliyotumwa kuhubiri ukweli duniani kote ilikuwa imeacha umma uamini uongo kwa sababu uongo ulipendeza zaidi. Hivyo uroho ulianza, na udanganyifu ukafuata kuuficha.

5. Kwamba mtoaji amepanda mbegu

Mwaka 2009 serikali ya Tanzania ilisimamisha mpango uitwao DECI, wenye makao yake Mabibo, Dar es Salaam, ulioendeshwa na watu waliokuwa wachungaji. Wanachama hawakuambiwa wanaweka akiba wala wananunua hisa. Walipanda mbegu, na baada ya miezi michache walitarajia kuvuna zaidi ya walichopanda. Msamiati ulitoka mimbarini bila kubadilishwa hata herufi. Chini ya msamiati huo mlikuwa na upatu: anayevuna leo analipwa na anayepanda leo, na siku wapandaji wakipungua, wa mwisho wanabaki na risiti. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake kwa kuendesha upatu haramu na kupokea amana bila leseni.

Wengi walishangaa watu wa Mungu wangewezaje. Wa kushangaza ni kwamba mtu alishangaa. Waumini walikuwa wamefundishwa kwa miaka mingi, Jumapili hadi Jumapili, kwamba shilingi inayotolewa kwa imani hurudi na wenzake. Waliopanga foleni Mabibo walikuwa wanafunzi wazuri. DECI iliondoa tu sehemu ya kusubiri.

Andiko linalotajwa sana kuhalalisha mbegu ni Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 9. Ni kweli Paulo anazungumzia kupanda na kuvuna humo. Lakini anachangisha kwa ajili ya watakatifu fukara wa Yerusalemu, watu ambao Wakorintho hawatawaona machoni. Si kwa ajili ya huduma yake, si kwa ajili ya gari lake. Ukurasa mmoja nyuma, sura ya 8, anaeleza kwamba fedha hizo zitasafiri na mtu aliyechaguliwa na makanisa, ili asitokee wa kumlaumu kuhusu kiasi kikubwa kama hicho. Kwa lugha ya siku hizi, mtume alijitafutia mkaguzi kabla hajaanza kukusanya. Mitume wa leo wenye namba za M-Pesa zinazopita chini ya televisheni wameichukua sura ya 9 na kuiacha ya 8 mezani.

Hapo ndipo Anania na Safira wanapoingia, na wao pia husimuliwa kwa upande mmoja. Waumini huogofywa nao ili watoe zote. Lakini katika Matendo 5 Petro anamwambia Anania waziwazi kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuuzwa fedha zilikuwa mikononi mwake. Hakuna aliyemlazimisha. Kosa lao ni kwamba walileta sehemu na kuiita yote. Kwa kipimo cha harambee walikuwa wafadhili wakubwa: wameuza shamba, wameleta kiasi kinono, wanataka tu kusifiwa kidogo zaidi ya walichotoa. Leo wangepewa cheti na kiti cha ukamati. Luka anaandika kwamba walibebwa nje, na hataji mtu aliyewatetea kwa kusema angalau wametoa.

6. Kwamba kanisa la jirani litapokea

Hii si hoja ya dini. Ni hoja ya kondakta wa daladala anayegombea abiria pale Ubungo.

Lakini pia ina kisa chake. Elisha alimponya Naamani, jemadari wa Shamu, akakataa zawadi. Mtumishi wake Gehazi akaona hasara, akakimbilia gari la jemadari na uongo kidogo kuhusu wageni waliofika ghafla, akarudi na talanta mbili za fedha na mavazi mawili. Jirani alikuwepo, na alipokea. Akapokea na ukoma wa Naamani.

7. Na bili

Wanaosema chanzo hakina maana huwa wanahesabu hadi siku ya uzinduzi. Lakini fedha ina kumbukumbu ndefu kuliko kamati.

Mwaka 1710 alifariki Christopher Codrington, gavana wa zamani wa visiwa vya Karibiani, akiliachia shirika la wamisionari wa Kianglikana, SPG, mashamba mawili ya miwa huko Barbados, pamoja na watumwa waliokuwemo. Shirika lilipokea. Lilikuwa na nia njema, kujenga chuo na kueneza Injili. Kwa miaka mingi sukari ya mashamba hayo ikalipia kazi ya Mungu, na watumwa wakachomwa chapa ya moto kifuani, neno moja la Kiingereza lenye maana ya Shirika, ili wakitoroka ijulikane ni mali ya nani. Utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Uingereza miaka ya 1830, shirika lilipokea fidia ya zaidi ya pauni 8,800. Waliochapwa hawakupata chochote. Ukoo wa shirika hilo unafika hadi Unguja: mwaka 1965 liliungana na UMCA, misheni iliyojenga kanisa kuu la Mkunazini juu ya kiwanja kilichokuwa soko la watumwa hadi 1873. Watalii huonyeshwa madhabahu na kuelezwa mahali mti wa kuchapia ulipokuwa. Habari za Barbados hawaelezwi.

Kanisa la Uingereza liliomba radhi kwa mambo hayo mwaka 2006. Lakini lilikuwa na mfuko mwingine, ulioanzishwa mwaka 1704 kuwasaidia makasisi maskini, ambao uliwekeza kwa kiasi kikubwa katika kampuni ya South Sea, iliyosafirisha makumi ya maelfu ya Waafrika kuvuka Atlantiki, na ulipokea pia michango ya watu waliotajirika kwa biashara hiyo. Makasisi walikuwa maskini kweli, na fedha ziliwasaidia kweli. Mfuko ulikua, ukaingizwa katika akiba kuu ya kanisa, na watu wakasahau.

Januari 2023 wasimamizi wa akiba hiyo walitangaza kutenga pauni milioni 100 kutokana na urithi huo. Kabla ya kutangaza, iliwabidi kufungua vitabu vya hesabu vya karne ya 18, mstari kwa mstari, kutafuta kila fedha ilitoka kwa nani na aliipata vipi. Kazi hiyo hawakuifanya maaskofu. Ilifanywa na kampuni ya wahasibu, kwa malipo.